Kitanda cha Maua cha Leota Akers

Tressie Bowman aliniambia kwamba Bibi Leota anakwenda kufia mlimani. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za baraza yangu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika bakuli lililofunikwa karatasi ya bati, na sauti yake ilikuwa ile ile anayotumia akiniambia mayai yamepanda bei.

"Ana ule ugonjwa," alisema. "Hataki kusema, lakini mimi nimeona kwa macho yangu. Nilichungulia dirisha la lile gari-nyumba la marehemu Hobert. Kitanda kimejaa maua, mwanangu. Maua ya makaburini. Amejitengenezea mwenyewe."

"Nani kakwambia ni yake mwenyewe?"

"Sasa mtu analaza maua kitandani ili iwe nini? Anakwenda kujilaza katikati yake huko juu, afe kama malkia. Wewe bado mdogo, huwajui wajane."

Nikamwambia maua yale nimeyaona yakitengenezwa, na ninajua ya nani. Tressie akaniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mtoto anayesema mwezi unamfuata. Hakuuliza ni ya nani. Alikuwa amekwisha kuoka makaroni na jibini, na makaroni yakishaokwa kwa ajili ya mgonjwa lazima mgonjwa apatikane. Akashuka ngazi, akavuka majani kuelekea kwa Leota, na mimi nikabaki na mwanangu Junie mkononi.

Nataka kusema Leota ni nani, maana baada ya siku ile kila mtu alisema habari zake isipokuwa yeye.

Nyumba yake na yangu zinapakana, na juu yetu, nyuma ya miti, inapita ile barabara ya Blue Ridge inayofuata mgongo wa milima. Watu wanatoka mbali kuja kuipita polepole. Wanasimamisha magari kwenye vituo vya kutazamia, wanakunjua viti, wanakunywa kahawa ya chupa na kuyaangalia mabonde yetu. Sisi wenyewe tunapita chini yake. Pale kwenye daraja la mawe kuna njia ya kwenda kanisani, dukani na kiwandani, na Leota alipita chini ya daraja lile maisha yake yote: kwanza akienda kiwanda cha fulana, alikoshona mikono ya fulana mpaka kiwanda kikafungwa, halafu akienda jikoni shuleni, alikopika mpaka magoti yakagoma. Barabara yenyewe hakuwahi kuifuata kutoka mwanzo hadi mwisho. Hobert, mumewe, naye vile vile. Hobert aliendesha lori la magogo, na kule juu malori ya kazi hayaruhusiwi. Alikuwa akisema barabara nzuri kuliko zote imepita juu ya kichwa chake na yeye hana ruhusa ya kuikanyaga kwa matairi yanayomlisha.

Alipostaafu akanunua gari-nyumba. La mtumba, lina mstari wa kahawia ubavuni, jiko dogo, meza inayokunjwa na kitanda kimoja nyuma. Lilikuwa limeegeshwa kando ya banda, chini ya mlingoti mrefu aliotundika vibuyu vyeupe vya kufugia mbayuwayu. Walilitumia kwenda ziwani na kwenye mikutano ya ukoo. Ile safari kubwa ya mgongo wa mlima waliipanga kila kipupwe, na kila kiangazi kikaja na lake: goti la huyu, jino la yule, harusi ya mjukuu. Halafu moyo wa Hobert ukasimama akiwa anakoroga kahawa.

Mimi niliolewa hapa nikiwa msichana, na dirisha langu la jikoni linatazama uwanja wao. Kwa hiyo niliona kitu ambacho hata watoto wao hawakukiona, kwa sababu watoto huja Krismasi na huondoka. Niliona jinsi lile gari lilivyokuwa linarudishwa nyuma.

Kwenda mbele kila mmoja wao aliweza. Leota aliliendesha vizuri kabisa, kwa utulivu, mikono yote miwili kwenye usukani kama aliyeshika sinia. Lakini kurudi nyuma ilikuwa kazi ya watu wawili. Hobert alikaa kwenye usukani, Leota akasimama nyuma, mahali anapoonekana kwenye kioo. Aliinua mikono, akaanza kuita gari kwa vidole kama anayeita kuku. Mkono wa kushoto ukisogea, gari likaenda kushoto. Nafasi ikipungua, alileta viganja karibu karibu, karibu zaidi, mpaka vikagusana bila mlio, na gari likasimama. Hobert hakutazama kitu kingine chochote ila mikono ile. Hawakusema neno. Nilikuwa nikiosha vyombo nikajikuta nimesimama, sabuni inakauka mikononi, nikiwatazama.

Sasa habari ya maua.

Kila mwaka, mwezi wa tano mpaka wa nane, kila makaburi ya huku milimani yana Jumapili yake. Siku hiyo watu wa ukoo wanakuja kufyeka majani, kuinua upya tuta la kaburi, kuweka maua, kisha wanatandaza chakula kwenye meza za mbao na kula pale pale na wafu wao. Aliyelala bila maua siku hiyo, watu wanamwona. Hawasemi, lakini wanamwona.

Na mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa watu wa mumewe. Leota alikuwa na dada watatu, wote waliolewa kule kusini, wametawanyika kandokando ya ile ile barabara: Vesta, Orpha na mdogo wao, Icie. Wote wamekufa. Kila mwaka Leota aliwatengenezea maua jinsi mama yao alivyowafundisha, maua ya karatasi laini za rangi, yaliyofungwa kwa waya mwembamba, kisha yakachovywa kwenye nta iliyoyeyushwa ili mvua isiyaharibu. Aliyapeleka kwa posta ndani ya boksi, na kila mwaka yalifika yamebonyea, na wakwe wakaweka ya plastiki ya dukani badala yake. Wakamwambia ahsante.

Kipupwe kilichopita simu ikalia. Alikuwa shemeji wa Icie, mzee aliyebaki peke yake kule. Alisema kanisa lao limefungwa, watu wamehama, yeye mwenyewe hawezi tena kushika fyekeo. Mwaka huu hakutakuwa na Jumapili. Alisema msitu utayachukua makaburi, na aliomba radhi.

Leota aliweka simu chini akavuka uwanja kuja kwangu. Nilikuwa namnyonyesha Junie. Akakaa, akaangalia unyayo wa mtoto kwa muda mrefu, akaushika.

"Icie hakuzaa," alisema. "Ana mimi tu."

Kesho yake akaanza kukata karatasi.

Hivyo ndivyo ilivyoanza ile safari. Hakuwa anakwenda kutalii, hata kama asingekataa kuangalia milima akiwa njiani. Maua ya nta hayasafiri ndani ya gari dogo. Ukiyapanga juu ya mwenzake yanabonyea, ukiyaweka kwenye jua nyuma ya kioo yanalegea na kushikana. Yanataka kulazwa moja moja mahali pa baridi, bila kuguswa. Leota aliangalia kila mahali mwisho akaangalia kitanda cha gari-nyumba. Yeye mwenyewe angelala kwenye kibenchi cha mezani, magoti yamekunjwa. Na lazima iwe mwezi wa tano, kabla joto halijapanda hata huko juu.

Mezani kwake alitandaza ramani ya barabara, na juu ya ramani akapanga maharage. Nilipoyaona mara ya kwanza nilidhani anachambua ya kupika. Akanieleza. Maharage meupe ni mahali pa kulala au kusimama ambapo gari linaingia huku na kutokea kule, bila kurudi nyuma. Maharage ya madoadoa ni mahali ambapo lazima urudishe. Alikuwa amepiga simu kambi baada ya kambi akiuliza swali hilo moja, na vijana wa simu walikuwa wanamwambia kuhusu maji ya moto na mandhari, naye anarudia, "Mwanangu, nitatokaje?"

Alikuwa mwangalifu kuliko watu wanavyomfikiria. Mahandaki ya barabara ile, pale inapopita ndani ya mlima, yana dari ya kuviringa, pembeni iko chini kuliko katikati, na kabla ya kufika kwa Vesta kuna moja. Yeye na Hobert walikwisha kupima kimo cha gari miaka ile kwa mti wa kuanikia nguo, mti wenyewe bado uko bandani. Alijua atasubiri wengine wapite kisha aingie katikati. Alijua asishuke miteremko huku amekanyaga breki tu. Alipanga Orpha kwanza, halafu Icie, halafu Vesta. Safari nzima ilikuwa maharage meupe, mstari mzuri mweupe unaoshuka ramani.

Isipokuwa moja. Niliiona, nikaweka kidole.

"Na hapa?"

"Hapo ni kwa Icie. Njia inaacha barabara kubwa, inapanda mgongo wa kilima, inaishia makaburini. Hakuna pa kugeuzia."

"Sasa utatokaje?"

"Nitajua nikifika," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuniangalia.

Junie alikuwa chini, anajifunza kutambaa, na kama watoto wengi alikuwa anakwenda kinyumenyume mpaka akagonga mguu wa kiti akaanza kulia. Tulimchukua. Alikuwa na harage mdomoni. Leota alilitoa kwa kidole kwa ustadi, akalifuta, akalirudisha mahali pake kwenye ramani.

Sasa turudi kwa makaroni ya Tressie, kwa sababu hayakubaki peke yake. Habari ya mtu anayekufa inakimbia kwetu kuliko gari la zimamoto. Kabla ya Ijumaa kila mwanamke wa kanisa alikuwa amevuka uwanja wa Leota na kitu mkononi. Kuku aliyeokwa na wali. Viazi vya kuponda. Maharage na mafuta ya nguruwe. Mkate wa mahindi. Keki yenye tabaka nyingi za tufaha kavu, ambayo huku haiokwi ila kwa harusi au msiba, na Leota haolewi. Walimkabidhi mlangoni, wakamshika mkono kwa nguvu, wakamwambia, "Dada Leota, tunakuombea," wakageuka machozi yakiwalenga.

"Wananiombea nini?" aliniuliza akiwa amesimama katikati ya jikoni, mabakuli kila mahali. "Nimefanya nini?"

Nikamwambia. Ilinibidi.

Alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka, akakaa, shingo ikawa nyekundu kidogo kidogo kutoka chini kwenda juu.

"Miaka yote ile nimelisha watoto wao," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyeweza kugonga mlango akaniuliza, Leota, maua haya ni ya nani?"

Na hiyo ndiyo iliyoniuma na mimi. Si uongo wenyewe, maana uongo unazaliwa kila siku. Ni kwamba walipenda ule uongo. Mjane anayekwenda kufa wanajua wamfanyie nini, wana bakuli lake tayari. Mjane anayepanga safari hawajui wamweke wapi.

Jumamosi akaja Garland. Garland ndiye mwanawe mkubwa, ana duka la matairi wilaya ya pili, mtu mzima mwenye tumbo na miwani inayoning'inia shingoni. Simsemi vibaya kwa kila kitu. Ndiye aliyekuja kumkatia mama yake kuni kipupwe kizima. Ndiye aliyemkuta baba yake sakafuni, kijiko bado mkononi. Lakini aliingia uwanjani siku ile kama polisi, na Tressie, ambaye hakuitwa na mtu, akatokea upande wake wa uzio, maana naye anapakana na Leota, na kusimama hapo akijifanya anang'oa magugu.

Nilikuwa barazani kwa Leota, tunamenya viazi. Junie alikuwa kwenye kapu la nguo.

"Mama, mbona hukuniambia kama unaumwa?"

"Siumwi."

"Watu wote wanasema."

"Basi wakatibiwe watu wote."

"Mama."

"Garland, magoti yananiuma na meno haya si yangu. Hayo unayajua. Ninakwenda kuwawekea maua mama zako wadogo. Halafu ninarudi."

Garland akavua kofia, akaivaa tena. "Na lile lidude? Peke yako? Huko juu kwenye kona na ukungu?"

"Nimeliendesha tangu baba yako alinunue."

"Umeendesha kwenda ziwani, Baba amekaa pembeni."

"Baba yako alikuwa amekaa pembeni amelala."

Tressie akacheka kule kwenye magugu, akajifanya anakohoa. Garland hakucheka. Nilimwona akitazama gari lile, na nadhani kwa dakika moja hakuliona gari, alimwona baba yake. Sauti yake ikashuka.

"Haya," akasema. "Basi nionyeshe. Lipeleke mpaka kwenye sanduku la barua, kisha lirudishe hapa lilipo. Ukiweza hilo sisemi tena."

Leota akaweka kisu chini. Akafuta mikono. Aliingia garini bila kuniangalia, na kabla ya kuwasha nilimwona kupitia dirisha akienda nyuma kwanza, akifunika maua kwa shuka, taratibu kama unavyomfunika mtoto aliyelala.

Akalipeleka mbele. Liliteleza vizuri mpaka kwenye sanduku la barua, likasimama. Halafu taa za kurudi nyuma zikawaka.

Nataka mwelewe palivyokuwa. Garland alisimama mbele ya gari, amekunja mikono. Mbele. Tressie kwenye uzio. Nyuma, mahali pale ambapo nilikuwa nimemwona Leota mwenyewe akisimama miaka yote ile, hapakuwa na mtu. Nikaanza kushuka ngazi ili nikasimame mimi, na Garland akaniinulia kiganja.

"Hapana. Njiani hakutakuwa na wewe."

Gari likaja. Lilikuja polepole, likinyooka, likipinda, likinyooka. Kichwa cha Leota kikawa kinageuka kioo hiki, kioo kile, kinatafuta. Tulisikia mlio wa mti, si mkubwa, kama mtu anavunja tawi la kuwashia moto. Mlingoti wa Hobert ukalala, na vibuyu vyeupe vikashuka vyote kwa pamoja, vingi vikapasuka kwenye majani. Mbayuwayu wakatoka wakazunguka juu yetu wakipiga kelele, wakirudi na kurudi mahali ambapo nyumba zao zilikuwa angani.

Leota alizima gari. Alishuka. Aliokota kipande cha kibuyu, kulikuwa na majani ndani na bado hakukuwa na mayai, akashukuru Mungu kwa sauti ndogo.

"Unaona, Mama," alisema Garland. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, kwamba alisema kwa upole, kama mtu aliyeshinda. Akaingiza mkono dirishani akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

Mimi si mtu wa kuingilia. Nilisoma shule ya msingi tu, na kwenye mambo ya watu huwa nakaa kimya nikitazama. Lakini nikasikia sauti yangu inasema, "Garland, baba yako alipokuwa anarudisha hili gari, nani alikuwa anasimama nyuma?"

"Baba alijua kuendesha."

"Sikuuliza hilo."

"Dada, hili ni la familia," akasema. "Wewe lea mtoto wako."

Leota alikuwa ameinama, anaokota vibuyu anavipanga kwenye sketi yake. Garland akamsaidia kuokota, na hilo nalo nililiona, mikono yake mikubwa imeshika vile vipande kama mayai. Alikuwa na huzuni ya kweli. Na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake bado.

Jumapili ikafika. Leota alikuja kanisani na mabakuli yote.

Kwetu kila bakuli lina jina la mwenyewe limebandikwa chini, ili baada ya msiba kila moja lirudi kwao. Na bakuli halirudishwi tupu. Hata kama ni yai moja, hata kama ni nyanya, kitu kitakuwemo. Leota aliyapanga kwenye meza ndefu ya chumba cha nyuma, yameoshwa yanang'aa, na ndani ya kila moja aliweka ua moja la nta. Yale aliyowakusudia dada zake. Watu walipotoka ibadani wakamkuta amesimama nyuma ya meza kama alivyokuwa akisimama nyuma ya masufuria ya shule. Akainua bakuli la kwanza, akasoma chini.

"Tressie Bowman. Makaroni. Ahsante. Chumvi ilizidi. Mimi siumwi."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Dada Leota, sisi tulidhani—"

"Wanda Jean. Kuku na wali. Mzuri sana, nimekula mara mbili. Siumwi." Akalisogeza. "Mama mchungaji. Keki ya tufaha. Hii ilikuwa keki ya msiba, nami nimeila nikiwa hai, nawaambia ni tamu hivi hivi. Siumwi."

Akamaliza yote. Halafu akawaambia, bila kupandisha sauti, kwamba maua yale ni ya Orpha, Icie na Vesta, na kwamba Icie mwaka huu hana Jumapili. Akawaambia anahitaji mtu mmoja wa kufuatana naye siku chache, asimame nyuma ya gari mahali pamoja tu. Akasubiri.

Mtanisamehe, lakini sitasahau kimya kile. Wanawake walioweza kuoka usiku na mchana kwa ajili ya kifo chake, kila mmoja akakumbuka bustani yake. Huyu ana nyanya za kupandikiza. Yule mjukuu wake anahitimu. Mama mchungaji akasema watalikumbuka jambo hili katika maombi. Tressie aligeuza ua lake huku na huku akasema, "Angalau limetengenezwa vizuri," na nikataka kumnyang'anya. Garland alikuwa mlangoni, anaangalia viatu vyake.

"Mama," akasema mwishoni, "tutamtumia yule mzee maua kwa posta. Nitalipia boksi zuri."

Leota alivaa koti. Alimpita. Tulirudi kwa gari langu mpaka tukafika chini ya daraja la mawe. Pale chini, kwenye kivuli, akasema, "Boksi zuri."

Mchana ule nilimlaza Junie nikaanza kukunja nguo barazani. Nilikuwa nazikunja kwa hasira, fulana zikatoka zimepinda. Nilikuwa nawakasirikia wote, na zaidi nilimkasirikia Garland kwa sababu ya ule upole wake. Alimpa mama yake mtihani ambao baba yake mwenyewe hakuwahi kuufaulu hata siku moja peke yake, akamwita ameshindwa, akamhurumia. Na yeye anaamini hivyo. Ataamini hivyo mpaka kufa kwake: kwamba Baba alijua kuendesha, na Mama alikuwa anapunga mikono.

Leota alivuka majani. Alikuwa amebeba maua mapya ndani ya aproni aliyoikunja, mekundu na ya rangi ya maziwa, nta bado ina joto. Kumbe alitoka kanisani akaenda moja kwa moja jikoni kufidia yale ya kwenye mabakuli. Akakaa kwenye ngazi.

"Kwako sikuja na bakuli," alisema, "maana wewe hukuniletea."

"Sikuamini, Bibi."

"Najua. Nilikuwa nahesabu nani hajaja. Ulikuwa peke yako." Akatabasamu kidogo, tabasamu likaondoka. "Tressie ameniuliza kama nitauza mapazia ya mle garini."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia aje nikifa."

Akaingiza mkono chini ya maua akatoa ufunguo. Ulikuwa na kutu, bado umezungushiwa waya.

"Hobert hakuwahi kuwa na kitu chenye ufunguo mmoja," akasema. "Huu ulikuwa umefungwa chini ya bampa ya nyuma. Garland angelijua hilo, kama angewahi kusimama kule nyuma."

Aliuweka kwenye ngazi kati yetu. Juu yetu, nyuma ya miti, magari ya wageni yalikuwa yanapita polepole, moja, halafu jingine, yakisimama kutazama. Mbayuwayu walikuwa wamekaa kwenye waya wa umeme juu ya banda, wote wametazama mahali pamoja. Tayari alikuwa amening'iniza vibuyu viwili vilivyopona kwenye ule mti wa kuanikia nguo.

"Mumeo ana zamu ya usiku wiki hii na ijayo," alisema.

"Ndiyo."

"Atajipikia?"

"Atakula mayai."

"Mayai hayajamwua mtu." Akachukua ua moja, akanyoosha petali moja iliyokunjamana, akaliweka chini. "Kwenda mbele naweza mwenyewe. Handaki naliweza. Orpha naweza, Vesta naweza. Ni pale tu kwa Icie. Naweza kupanda kile kilima, lakini siwezi kutoka. Nimeliwaza kila namna."

Ndani Junie aliguna usingizini, na sote wawili tukageuza vichwa kusikiliza, akatulia.

"Kiti chake tutakifunga kwenye kile kibenchi," akasema Leota, "hataguswa na maua, nimepima. Mimi nitalala chini." Kisha akainua mikono yake miwili mbele ya uso wangu, viganja vikitazamana, akavileta karibu, karibu zaidi, polepole, mpaka vikagusana. "Hivi tu ndivyo unavyofanya. Usinipigie kelele, sitasikia. Simama mahali nitakapokuona kwenye kioo, nami nitaitazama mikono yako. Twende na wewe, mwanangu. Njoo unisimamie nyuma."